RAM ya kompyuta ya mezani: usilipe kabla hujasoma chipu

Malalamiko ya RAM, yaani memori ya kufanyia kazi ya kompyuta, ninayoletewa siku hizi ni yaleyale. Mtu ana Dell OptiPlex 7010 au HP Elite 8300 ya mtumba yenye giga 4, ukifungua Chrome na Word kwa pamoja inaganda. Anakwenda Kariakoo, anauziwa RAM mpya ya DDR3 (kizazi cha RAM kinachotumiwa na mashine hizo) ya giga 8, imevalishwa bati jekundu la kuvutia. Akiichomeka, feni inazunguka, kioo cheusi, mashine inalia pii, pii. Akirudi dukani anaambiwa mazabodi yake imekufa. Wa mwisho kuniandikia ana steshenari Mbagala, na alishaanza kuulizia mazabodi nyingine.

Mazabodi yake nzima. Ameuziwa RAM ya AMD, yaani ya mashine zenye prosesa ya AMD, na yake ni ya Intel.

RAM ya kawaida ya mezani ina chipu za biti 8. Hizi za bei ya kutupa zina chipu za biti 4, aina inayotumika kwenye sava. Baadhi ya mashine za AMD huzipokea, lakini Intel za mezani hazizitaki kabisa, na mtumba uliojaa mjini, iwe OptiPlex, Elite au ThinkCentre, kwa sehemu kubwa ni Intel. Kuhesabu chipu hakukusaidii, maana giga 8 nzuri ina chipu 16 na hii mbovu nayo inaweza kuwa na 16. Soma maandishi madogo juu ya chipu yenyewe, washa tochi ya simu kama macho yanasumbua. Kwa Samsung, K4B4G08 chukua, K4B4G04 rudisha. Kwa SK Hynix, H5TQ4G8 chukua, H5TQ4G4 rudisha. Stika nayo isome: unatafuta 1Rx8 au 2Rx8 (x8 ndiyo chipu za biti 8), na PC3 au PC3L inayomalizia na herufi U. Ikimalizia na R hiyo ni ya sava, ikimalizia na S ni ya laptopu. Ila stika mtu yeyote anachapisha, kwa hiyo ikipingana na chipu, amini chipu.

Ndiyo maana nayachukia yale mabati. DDR3 ya kasi ya 1600 haipati joto la kuhitaji koti. Kwenye RAM isiyo na jina, kazi yake kubwa ni kukuzuia usisome kilichomo.

Habari za MHz na taa za rangi sizigusi, kwa OptiPlex ya ofisini hazikusaidii kitu.

Chaguo langu la kwanza ni Samsung ya mtumba, na sijifichi: naipendelea. Hii ni RAM iliyochomolewa kwenye mashine kama yako, haina koti, chipu ni za Samsung na stika ni ya Samsung. Namba ya stika ianze na M378. M378B5173 ni giga 4, M378B1G73 ni giga 8. Ukiona M393, ni ya sava, hata muuzaji akila yamini. Afadhali Samsung iliyofanya kazi miaka kumi kuliko "mpya" isiyojulikana ilikotoka.

SK Hynix na Micron zinafuata, nazo zinatengeneza chipu zao wenyewe. Ukiikosa Samsung, chukua bila kusita.

Kwa anayetaka mpya ya boksi, Kingston. KVR16N11 ni ya volti 1.5, KVR16LN11 inakwenda hata kwa 1.35. Tatizo, Kingston bandia zipo, kwa hiyo nunua kwa mwenye duka la kudumu anayekuandikia waranti.

Za bei chee zenye majina usiyowahi kuyasikia? Kama mashine yako ni AMD, jaribu bahati. Wengine piteni.

Sasa bei. Tangu mwishoni mwa 2025 kila muuzaji ana wimbo mmoja: "RAM zimepanda duniani, dada." Kwa mpya, kweli. Viwanda vimeelekeza nguvu kwenye memori za sava za akili mnemba, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Lakini angalia stika ya hiyo DDR3 unayouziwa. Samsung huandika tarakimu nne za tarehe: 1342 ni wiki ya 42 ya mwaka 2013. Imetoka kiwandani zamani hizo, imekuja na kontena la mtumba, leo inapandishwa bei kwa sababu ya akili mnemba! Bishana. Mwambie umesoma tarehe.

Halafu ile risiti ya "mali ikishauzwa hairudishwi". Mfanyabiashara anajua fika kwamba RAM yake haitawaka kwenye Intel, anakukabidhi, anakugongea mhuri. Dawa yake ni kubeba CPU yako nzima, lile boksi la kompyuta, mpaka dukani, hata kwa bajaji. Muuzaji aichomeke mwenyewe, uone maandishi ya Dell au HP kwenye kioo, uingie Windows, ufungue Task Manager upande wa memori uone giga zimetimia. Pesa itoke mfukoni baada ya hapo. Akisema hana umeme wala kioo cha kujaribia, duka la pili liko hatua tatu.