Tahadhari kwa wenye matrekta madogo Pemba: kuna fundi anauza krosi za uongo

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi mnaolima mpunga mabondeni na wote wenye matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani. Masika yanakaribia na kila mtu anataka trekta lake liwe tayari kuburuga. Kipindi hichi kuna mtu anazunguka akijiita fundi na muuza spea "orijino". Mimi ni fundi wa matrekta. Yaliyopita mikononi mwake yanaletwa kwangu, na ninayoyaona chini yake yananiumiza roho, kwa sababu pesa anazochukua ni za watu wanaosubiri mavuno ndio walipe madeni.

Anakuja na pikipiki na boksi la spea. Anajiinamisha chini ya trekta, anaitikisa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini) kwa mkono, kisha anasema krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachounganisha shafti, imekwisha na itakatika ukiwa katikati ya tope. Mwenye trekta hawezi kuhakikisha, maana kiungo chenyewe kimejificha juu ya tangi la giaboksi au ndani ya bomba la chuma, na hata tochi haifiki vizuri. Anataka nusu ya pesa itumwe kwa simu hapohapo, halafu trekta lipelekwe kwake, "kazi hii haitaki watu wengi". Likirudi limeoshwa, nipo, vile vichuchu vya kutilia grisi, zinang'aa, na unapewa kimfuko chenye krosi iliyolika: eti hiyo ndiyo yako ya zamani.

Mzee mmoja alilipishwa krosi mbili za propela ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Akaja kwangu kwa sababu mlio haukuondoka. Nilipolala chini yake nikakuta boliti zinazoshika kava la propela zina tope la msimu uliopita, limekauka jeupe, na mzizi wa mpunga umebanwa baina ya kichwa cha boliti na kava. Hakuna alama ya spana. Nikafungua mwenyewe, mzee akiwa amesimama pembeni. Ndani hamna krosi hata moja. Trekta lile, kama yalivyo baadhi ya matrekta madogo ya Kijapani, linaunganisha shafti ya mbele kwa kapling ya meno, yaani bomba fupi lenye meno ndani, na ndivyo lilivyotoka kiwandani. Mlio wenyewe ulikuwa ni meno ya kapling yaliyokauka na kulika. Mzee alinyamaza kimya, akakaa juu ya ndoo. Sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo mtu akikutajia krosi, mwambie kwanza akuonyeshe iko wapi. Ipo kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha rotaveta (jembe la kuburugia), moja kila upande. Hiyo kila mtu anaiona. Katika matrekta mengine ipo pia baina ya injini na giaboksi, na hiyo ndiyo ngumu kufikika. Lakini si kila trekta, na si kila shafti.

Hata pale anapotia krosi kweli, anatia iliyookotwa. Nimezing'oa na kuziangalia. Zimesafishwa kwa petroli, zikapigwa rangi nyeusi ya kopo, rangi yenyewe imeingia mpaka kwenye mpira wa sili. Krosi mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, sili zake hazina rangi. Vuta taratibu kikombe kimoja, ile kofia ya chuma iliyo kwenye ncha ya krosi, upitishe ukucha kwenye kijiti cha krosi pale sindano za beringi zinapozunguka. Ikiwa ukucha unagota kwenye vijistari vilivyopangana, hiyo imeshafanya kazi kwenye mashine ya mtu mwengine na uhai wake umekwisha. Tizama na ndani ya kikombe: sindano zijae mduara mzima, pasiwe na pengo. Nunua kwa kipimo pia, si kwa jina la trekta peke yake: upana wa kikombe na urefu wa krosi kutoka ncha hadi ncha. Kwa shafti za PTO kuna saizi zinazojulikana, kama 22 kwa 54 au 27 kwa 74.6, zote milimita. Muuzaji asiyetaka umpimie kwa kaliba, ondoka.

Lililonifanya niandike leo, lakini, si pesa. Ni kava za plastiki za shafti ya PTO. Anazikata na kuzitupa, anasema zinamzuia kutia grisi. Jamani! Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika ncha ya kanzu, kikoi au kanga, humalizi hata kupiga kelele. Watoto wetu wanazunguka kwenye makonde matrekta yakifanya kazi. Kava nyingi zina tundu, au zinasogea, ili bomba la grisi lifike. Unazima injini, unatoa funguo, unazungusha shafti kwa mkono mpaka nipo ielekee kwenye tundu, unatia bomba lenye mpira mrefu mwembamba. Fundi anayesema lazima kava likatwe hajui kazi, au hajali mtu akifa.

Krosi za rotaveta zinataka grisi kila baada ya masaa 8 ya kazi, ndivyo vitabu vingi vya watengenezaji vinavyosema, na kwa bonde la maji mimi nashauri uifanye jioni, mara tu ukishatoka topeni, kabla maji hayajalala ndani ya beringi. Pampu mpaka grisi mpya itokeze kwenye sili zote nne. Ikitoka upande mmoja tu, njia imeziba na huko kwengine kunasagika chuma kwa chuma. Unga mwekundu unaotoka pembezoni mwa kikombe ni kutu ya beringi iliyokauka; hapo ndipo krosi inapotaka kubadilishwa kweli, na huhitaji mpita njia akwambie.

Ukitengenezewa, kaa hapohapo uangalie. Kabla shafti haijavutwa, fundi mzuri anapiga alama ya chaki kwenye vipande viwili, ili uma za pande mbili, zile zinazoshika krosi, zirudi zikielekeana. Zikienda kombo trekta linatetemeka, na krosi mpya inakufa mapema. Kikombe kikigoma kuingia hakipigwi nyundo: sindano moja imelala chini, kitolewe, ipangwe upya kwa grisi. Klipu zote nne lazima zikae kwenye mfereji wake. Na krosi ya zamani uione inatoka kwenye trekta lako, siyo kwenye mfuko wa fundi.

Msitume pesa kabla ya kazi. Dai risiti yenye jina na kipimo cha spea. Aliyekwisha kulizwa aweke ujumbe wa malipo ya simu, na krosi aliyouziwa asiitupe, apeleke taarifa kwa sheha wake na polisi. Kwa upande wa bidhaa bandia ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, hiyo ndiyo kazi yake. Mmoja akilalamika peke yake ni neno lake dhidi ya neno la fundi. Tukienda wengi na vipande mkononi, atajibu.

Na kama alishapita kwako akaondoa kava la PTO, tafadhali usiifunge rotaveta kesho. Tafuta kava kwanza.