Unimog U1300L kwenye kazi za msitu na saiti: angalia chini ya gari kwanza

Watu wengi wakitaka gari la kazi swali la kwanza ni ina farasi wangapi, la pili inabeba tani ngapi, basi wamemaliza. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipotoboa difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ya pikapu yangu ya fowili (inayosukumwa na tairi zote 4) kwenye kisiki kilichojificha kwenye majani, oili yote ikamwagika pale pale na siku nzima ya kazi ikaenda, na ile pikapu ilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa, nguvu haikuwa shida, shida ilikuwa lile tumbo la difu kuning'inia chini chini.

Ndio nikahamia kwenye Unimog, lori la fowili la Mercedes-Benz, yangu ni U1300L iliyotoka jeshini. Kazi yangu ni kutoa magogo msituni, na wiki ikigeuka niko saiti napeleka mchanga, kokoto, mabomba, wakati mwingine navuta trela. Kwa mtu wa kazi mchanganyiko kama hiyo, sijaona gari nyingine inayoifikia hii, nasema kwa moyo mweupe.

Siri iko kwenye ekseli. Gari za kawaida ekseli inapita katikati ya tairi, hii inapita juu ya hapo, halafu kwenye kila tairi kuna gia zake ndogo zinazoshusha nguvu mpaka chini. Kwa hiyo difu inakaa juu, unapata nafasi ya zaidi ya sentimita 40 kutoka ardhini, na visiki vile vilivyonitesa navipita katikati nikiwa nimetulia. Faida nyingine watu hawaijui, zile gia za kwenye tairi zinaongeza nguvu mwishoni kabisa, kwa hiyo shafti na giaboksi hazilemewi sana hata ukiwa na mzigo kwenye mlima.

Halafu chesi yake, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, inajipinda, na imetengenezwa ijipinde. Mara ya kwanza niliogopa. Nilikuwa navuka mtaro, tairi la mbele kushoto likapanda juu ya gogo, la nyuma kulia likapanda upande wake, nikageuka kuangalia kwenye dirisha la nyuma nikaona bodi imelala upande mmoja na kichwa kimelala upande mwingine, nikajua chesi imekwisha. Wala, tairi zote 4 zilikuwa zimekanyaga chini na gari ikatoka taratibu. Springi zake ni za koili mbele na nyuma, sio majani, na shafti imefungwa ndani ya bomba linaloishika ekseli, ndio maana inaweza kupinda hivyo bila kung'oa kitu. Ukiona unaanza kuteleza unaingiza fowili na kufunga difu za mbele na nyuma, tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja, huku unatembea, husimami, na hilo kwenye tope ni jambo kubwa maana ukishasimama umenasa.

Nikaelewa zaidi nilipojua ilikotoka. Hii kitu Wajerumani waliianza baada ya vita kuu ya pili kama mashine ya shamba, aliyeichora anaitwa Albert Friedrich, ya kwanza ilikuwa na farasi 25 tu na upana wa tairi kwa tairi milimita 1270 ili ipite sawasawa kwenye mistari miwili ya viazi. Daimler-Benz wakaanza kuitengeneza mwaka 1951. Yaani ni trekta lililopewa mwendo wa barabarani, na unaliona hilo kila ukikaa kwenye usukani.

Injini ya U1300L ni OM352, dizeli ya silinda 6, lita 5.7, karibu farasi 130. Haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya kawaida, fundi yeyote anayejua lori za zamani anaifungua. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuchukua ya zamani, porini hakuna wa kukusomea kompyuta.

Sasa mapungufu, na yapo. Barabarani ni nzito, ukifika kilomita 80 kwa saa umefika, na kelele ndani ni nyingi, safari ndefu inachosha mwili. Inakaa juu, kwa hiyo ukifunga kreni na kupita kwenye mteremko wa kulalia ubavu kuwa makini sana, weka mzigo chini na tembea taratibu. Bodi yake sio kubwa, kama kazi yako ni kokoto tu kutoka machimboni mpaka saiti kwenye barabara nzuri nunua tipa, utabeba zaidi kwa safari moja. Na kama unashinda msituni tu mwaka mzima bila kugusa lami, trekta lenye winchi litakutosha.

Kitu kimoja kinaumiza wengi wakinunua hizi za jeshini: nyingi hazikuwekewa PTO, ile shafti inayotoa nguvu ya injini kuendesha mashine nyingine, wala haidroliki, mfumo wa oili yenye presha wa kunyanyulia vitu. Mtu anaona picha za Unimog inasaga matawi kwa mbele, inanyanyua magogo kwa kreni, anadhani zote ziko hivyo, analipa, anafika nyumbani anakuta hana pa kuchomeka mashine yoyote. Kuja kuvifunga baadaye ni kazi kubwa na vifaa ni ghali. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, ingia chini uangalie mwenyewe kama shafti ya PTO ipo na inazunguka, mwambie muuzaji aiwashe ukiwa unaona.

Ukiwa bado huko chini, fungua nati ya kumwagia oili kwenye kila tairi, zote 4, usikubali kuambiwa moja inatosha. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye zile gia ndogo. Angalia pia pale bomba la shafti linapokutana na giaboksi kama kuna kuvuja, na ukwangue kutu kwenye pembe za kichwa chini ya zulia. Mimi ya kwanza niliyoenda kuangalia ilikuwa imepakwa rangi mpya inang'aa, tairi la nyuma kulia likatoa maji kabla ya oili, nikafunga nati nikaondoka.