Turbo Nakuru: Kisanduku au Programu Mpya?
Ukitaka gari lenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, liwe na nguvu zaidi, unaweza kufunga kisanduku cha umeme au kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Kisanduku hufungwa haraka. Unakichomeka kwenye waya wa sensa ya presha, kinaiambia kompyuta kwamba turbo inasukuma hewa kidogo, nayo inaongeza. Siku ya kuuza gari unakichomoa. Uzuri wake unaishia hapo, maana vingi havigusi muda wa plagi kurusha cheche.

Kuandika upya programu ni ghali zaidi, lakini fundi hupanga mafuta, cheche na presha kwa pamoja. Hapa Nakuru, takribani mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na turbo tayari inajikaza. Ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit na mzigo, ndipo injini ambayo cheche zake hazikupangwa upya hugonga, yaani mafuta huwaka yenyewe kwa wakati usiofaa, sauti kama changarawe ndani ya kopo, na pistoni huweza kupasuka. Mimi nachagua programu, na fundi apime barabarani, si gereji tu.