Huduma ya magurudumu katika karakana moja ya baiskeli, Tanga

Katika mji wa Tanga, ambako mitaa mingi ni tambarare na baiskeli ni chombo cha watu wa kila rika, lalamiko ambalo mafundi hulisikia mara kwa mara ni kwamba baiskeli imekuwa nzito. Karakana ninayoieleza hapa, iliyo jirani na soko la Mgandini, naisifu kwa sababu hailipuuzi lalamiko hilo: kabla ya kulegeza nati yoyote, fundi humwuliza mteja anapita njia gani, anabeba mzigo kiasi gani na mara ya mwisho alijaza upepo lini.

Kwingineko huduma ya namna hii huishia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gololi huoshwa kwa mafuta ya taa, grisi mpya hupakwa, kisha gurudumu huzungushwa hewani mbele ya mteja ili ajionee linavyokawia kusimama. Onyesho hilo linavutia lakini linathibitisha kidogo sana, kwa kuwa gurudumu lililoinuliwa halijabeba uzito wa mtu wala tairi lake haligusi ardhi. Gololi nzima zenye grisi hupoteza wati moja hivi, au hata pungufu. Tairi ndilo mlaji mkubwa: mtu, baiskeli na mzigo wakifikia jumla ya kilo 100 na kwenda kilomita 18 kwa saa juu ya lami, matairi mazuri yaliyojazwa ipasavyo hula takribani wati 25, na matairi magumu ya ubora hafifu au yaliyolegea yanaweza kula mara mbili ya hapo.

Chanzo chake ni mpira wenyewe. Kila sehemu ya tairi inapofika chini hubanwa na kupindika, na inapoinuka hujinyoosha, lakini nishati iliyotumika kuipinda hairudi yote. Nyingine hugeuka joto. Gurudumu la treni, likiwa chuma juu ya reli ya chuma, hupindika kidogo mno, na ndiyo maana hupoteza sehemu ndogo tu ya kile ambacho tairi hupoteza kwa uzito uleule. Katika mwendo nilioutaja, baiskeli na aliyeipanda wana nishati ya mwendo ya jouli 1,250 hivi. Ukiacha kukanyaga pedali, na tuseme hewa haikuzuii hata kidogo, matairi yanayozuia kwa kani ya nyutoni 5 yangekufikisha mita 250, ilhali yanayozuia kwa nyutoni 10 yangekuachia njiani kwenye mita 125. Fundi wa hapa hutumia kipimo cha aina hiyohiyo: huipeleka baiskeli kwenye lami tambarare, huikimbiza, kisha huiacha iserereke. Huo ni ushahidi wa kweli, kwa kuwa uzito wote uko juu ya matairi.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni kwamba hajazi upepo kwa pupa. Juu ya lami laini tairi lililojaa upepo hupindika kidogo, hivyo hupoteza kidogo. Lakini kwenye njia ya kokoto tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka juu ya kila jiwe, na nishati iliyopaswa kwenda mbele huishia kuutikisa mwili wa mwendeshaji na mzigo wake. Kwa hiyo mteja anayekaa nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi, hupunguziwa kidogo, na gurudumu la nyuma, ambalo hubeba sehemu kubwa ya uzito, hujazwa zaidi ya la mbele. Ni mafundi wachache ninaowafahamu wanaofanya hivyo.

Kazi ya habu nayo hufanywa kwa uangalifu. Gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, kwa sababu mpya ikichanganywa na zilizolika hubeba mzigo peke yake, na koni, yaani nati zinazobana gololi kwenye ekseli, hukazwa mpaka ekseli isicheze wala isikwaruze inapozungushwa kwa vidole.

Kasoro ninayoiona ni nzito kwa karakana inayoelewa mambo haya vizuri hivi: haina geji ya upepo. Fundi hukadiria kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba, na kidole hakiwezi kutofautisha tairi lililojaa vya kutosha na lililopungukiwa robo. Vilevile, matairi ya 28 kwa 1½ yanayouzwa pale ni ya ubavu mnene na mgumu. Yanadumu, lakini yanahitaji nguvu zaidi kuyasukuma, na mteja haambiwi hilo mpaka aulize.

Nililipa shilingi 15,000 kwa magurudumu yote mawili, gololi na grisi zikiwemo, na nadhani bei hiyo ni ya haki. Anayepeleka baiskeli asubuhi huipata alasiri. Jumamosi ni afadhali kuwahi, kwa kuwa foleni huwa ndefu, na mwenye geji yake aende nayo.