Uzoefu wangu: Kuweka flapu za kweli kwenye ndege ya rimoti, kwa servo za EMAX ES08MA II na rimoti ya RadioMaster Pocket

Ndege yangu ni ya povu la EPO, yenye bawa la juu kama la Cessna, na kutoka ncha hadi ncha ina milimita 1400. Kiwandani walichora mistari ya flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) kwenye bawa, ila ni michoro tu, hakuna kinachosogea. Anayerushia Mombasa anaweza kuishi na hilo bila shida. Sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo ndege ileile yenye uzito uleule inahitaji mwendo zaidi, kama asilimia 8 au 9, ndipo bawa liendelee kuibeba. Uwanja wetu nao ni wa mpira, na upande mmoja umezibwa na mikaratusi. Ukishavuka miti, ndege inaelea tu, haitaki kukaa chini, na goli la pili linakuja mbio. Ukiinamisha pua ili ishuke haraka, inazidisha kasi. Hapo ndipo nilipoamua kuikata ile mistari.

Wengi wataniuliza kwa nini sikutumia eleroni zilizopo (vibao vya karibu na ncha za bawa vinavyoilaza ndege upande), zote mbili zishuke pamoja, maana ni kazi ya kubonyeza rimoti tu bila kugusa wembe. Siipendi njia hiyo kwa ndege ya kutua polepole. Eleroni zikishuka, ncha za bawa ndizo zinazobebeshwa mzigo mkubwa, na ncha zikiacha kubeba kabla ya katikati, ndege inajipindua upande mmoja karibu kabisa na ardhi. Flapu zinakaa karibu na kiwiliwili. Zikishuka, sehemu ya ndani ya bawa ndiyo inayofanya kazi ya ziada na ncha zinabaki na akiba, hivyo eleroni zinaendelea kutii hata ndege ikiwa imepunguza mwendo sana. Tazama Cessna 208 Caravan zinazotua uwanja wa ndege wa Wilson: flapu zake kubwa hushuka hadi nyuzi 30, na eleroni ziko nje kabisa kwenye ncha, zikifanya kazi yake bila kushushwa pamoja na flapu.

Kukata si kazi ngumu ukiwa na wembe mpya na rula ya chuma. Bawaba niliiweka juu: ngozi ya juu ya povu niliiacha bila kuikata, nikaipigia tepu yenye nyuzi za glasi. Upande wa chini nilichonga kingo kwa mshazari wa nyuzi 45, maana bila nafasi hiyo flapu inagonga bawa kabla hata haijashuka nusu. Jambo ambalo watu hawalitaji ni kwamba ukishakata ukingo wa nyuma, bawa linalegea na kuanza kujipinda. Nilizika kijiti cha kaboni cha milimita 3 mbele ya mkato na kukigandisha kwa epoksi. Baada ya hapo bawa likawa gumu kuliko lilivyotoka dukani.

Servo (mota ndogo zinazosogeza flapu) nilizochagua ni EMAX ES08MA II. Kila moja ina gramu 12, gia zake ni za chuma, na kwa volti 6 inavuta kama kilo 2 kwa mkono wa sentimita moja. Kuna servo za gramu 9 zenye gia za plastiki ambazo ni nyepesi na rahisi zaidi, na kwa eleroni zinatosha. Flapu ni habari nyingine, kwa sababu ndizo zinazoning'inia chini ndege inapogusa nyasi, na mgongano mdogo tu unang'oa meno ya plastiki. Hizi za chuma zimevumilia nyasi ndefu, mawe na hata kichuguu, na bado hazina ulegevu ninaouhisi kwa kidole. Zinapiga kelele kidogo zikiwa zimeshikilia, lakini angani huisikii. Kwa jumla, servo, nyaya na pembe za plastiki (vipande vinavyobandikwa kwenye flapu ili waya wa servo uivute) zimeongeza kama gramu 40 kwenye ndege ya kilo moja na kidogo, na sijaona tofauti yoyote wakati wa kupaa.

Sasa nifike kwenye jambo linalowasumbua wengi. Ukiweka servo mbili kwa mtindo wa kioo, kushoto na kulia, kisha ukaziunganisha kwa waya wa Y unaopeleka amri moja kwa zote mbili, flapu moja itashuka na nyingine itapanda. Kwa eleroni ndicho unachotaka, kwa flapu ni hatari. Ama uzilaze servo zote mbili zikielekea upande mmoja, ama ununue kifaa cha kugeuza mwelekeo, ama uzipe kila moja chaneli yake, yaani njia yake ya amri kutoka kwenye rimoti. Mimi nilizipa chaneli mbili. Risiva yangu (kipokezi kilichomo ndani ya ndege) ina chaneli 6, na zote zimejaa: motoa, eleroni, eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua), usukani wa mkia, flapu ya kushoto, flapu ya kulia. Faida yake ni kwamba nazipima kwa protakta ya shule na kuzisawazisha moja moja mpaka zilingane. Flapu zikipishana hata nyuzi chache, ndege itakuwa inajiviringisha kila unapozishusha.

Mkono wa servo usiuweke wima flapu ikiwa imefungwa. Ulaze upande wa mwanzo wa safari yake, ili safari nzima ya servo itumike kushuka, na waya uufunge kwenye tundu la ndani la mkono huo na tundu la nje la pembe ya flapu. Unapoteza mwendo kidogo, unapata nguvu nyingi.

RadioMaster Pocket ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Ni ndogo, skrini yake haina rangi, vijiti vyake vifupi vinahitaji kuzoewa, lakini ndani yake kuna EdgeTX, programu inayoiendesha rimoti, na EdgeTX ina kila ninachohitaji kwa flapu. Nimetumia swichi ya nafasi tatu: juu zimefungwa, katikati nyuzi 15 za kupaa, chini nyuzi 40 za kutua. Kwenye ukurasa wa miksa (mahali pa kupanga amri za kila chaneli) nimeweka mwendo wa polepole wa sekunde 2, hivyo flapu hazirushwi ghafla bali zinateremka kama za ndege ya abiria. Nisingependa kurudi kwenye rimoti isiyo na kitu hicho.

Flapu zikishuka kwenye ndege ya bawa la juu, pua inainuka. Hewa inayosukumwa chini na bawa inaukandamiza mkia, na ndege inapanda badala ya kushuka. Dawa ni kuichanganya eleveta ishuke kidogo pamoja na flapu. Yangu inashuka milimita 3 kwenye nafasi ya katikati na 5 kwenye nafasi ya chini, nikitumia mkunjo (curve) wa nukta tatu kwenye rimoti, kwa sababu nusu ya kwanza ya flapu inainua pua kwa nguvu kuliko nusu ya pili. Vipimo hivi ni vya ndege yangu. Yako ijaribu juu sana, gesi (nguvu ya motoa) ikiwa imepunguzwa, kidole kikiwa tayari kwenye swichi.

Na matokeo? Sasa navuka miti, nashusha flapu zote, nainamisha pua, na ndege inashuka kwa mteremko mkali bila kuongeza kasi. Inagusa chini kabla ya katikati ya uwanja na kusimama hapo hapo. Ikibidi kughairi kutua, gesi kwanza, kisha flapu zirudi nafasi ya katikati, halafu zifungwe ndege ikishapata kimo. Ukizifunga zote mara moja, inazama.

Kwa ndege isiyofika mita moja singejisumbua. Ni nyepesi mno kuhitaji haya yote. Kwa ya mita 1.2 kwenda juu, hasa kwa wenzangu wa Nakuru, Eldoret na Arusha, napendekeza bila kusita. Siku za upepo wa kukata uwanja naishia nyuzi 15, na upepo ukizidi natua zikiwa zimefungwa.