Manukato Nafuu Yanayokaribia ya Kifahari: Yapi Ununue Ukiwa Arusha au Moshi

Chupa ya mililita 70 ya manukato ya kifahari yaitwayo Baccarat Rouge 540 huuzwa kwa zaidi ya dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki saba, na kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Harufu yenyewe, hata hivyo, haiko mbali tena na mtu wa kipato cha kawaida, kwa kuwa kampuni za Falme za Kiarabu, hasa Lattafa na Armaf, zimejifunza kuikaribia kwa bei ya takribani moja ya kumi. Katika mwongozo huu nimeyapanga manukato ambayo ningemshauri ndugu yangu ayanunue, na kigezo changu ni jinsi yanavyonukia mwilini baada ya saa tatu kupita, wala si dakika tatu za mwanzo mbele ya muuzaji.

Kigezo hicho nimekichagua kwa sababu manukato huachia harufu zake kwa zamu. Limau, machungwa na matunda mengine huruka mapema, kisha hufuata maua na viungo, na mwishoni hubaki mbao, vanila, ambari na miski, ambazo ndizo zitakazokaa kwenye shati mpaka jioni. Kwa uzoefu wangu, mbadala wa bei nafuu huachana na wa kifahari zaidi mwanzoni, pale ambapo huwa na ukali unaochoma pua, na hukaribiana nao kadiri muda unavyokwenda. Anayeamua kwa kunusa kifuniko cha chupa ananunua sehemu ambayo itakuwa imetoweka kabla hajafika nyumbani.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na baridi yake ya Juni na Julai inajulikana, ilhali Moshi, mwendo wa kilomita 80 tu, iko chini zaidi na ina joto. Joto huyafanya manukato yaruke haraka na kusambaa kwa nguvu, kwa hiyo harufu nzito inayopendeza asubuhi ya ukungu pale Sakina inaweza kuwakera abiria wenzako ndani ya daladala ya Moshi mwezi Februari.

Nafasi ya kwanza naipa Club de Nuit Intense Man ya Armaf, iliyofuata njia ya Aventus, manukato ambayo Creed iliyatoa mwaka 2010 na ambayo yalijulikana kwa kuchanganya nanasi na moshi wa mbao. Dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo za Armaf zina limau kali mno, na sitaficha kwamba wapo walioirudisha chupa kabatini kwa sababu hiyo peke yake. Ukali huo ukishapita, kinachobaki ni moshi mkavu, miski na utamu mdogo wa tunda, harufu safi ambayo mtu anaweza kwenda nayo ofisini, kanisani au msikitini bila kumsumbua aliye karibu. Inafaa katika miji yote miwili na majira yote, na chupa yake ya mililita 105 hutumika muda mrefu kwa kuwa mipulizo mitatu inatosha. Kwenye boksi imeandikwa eau de toilette, daraja ambalo kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato pungufu kuliko eau de parfum, lakini maandishi hayo yasikukatishe tamaa, kwani hukaa kuliko nyingi zilizoandikwa daraja la juu.

Ya pili ni Khamrah ya Lattafa, iliyotoka mwaka 2022 na inayokumbusha Angels' Share ya Kilian, yenye harufu ya konyaki, mdalasini na vanila. Khamrah ina utamu zaidi, ikaribiayo tende na sukari iliyoungua, na haina ile hali ya pombe iliyolala kwenye pipa la mbao ambayo ndiyo roho ya Kilian. Hata hivyo, kwa baridi ya Arusha sijaona inayoishinda kwa bei yake. Anayeishi Moshi aiweke kwa ajili ya usiku na ajipulizie mara moja tu.

Nafasi ya tatu inakwenda kwa Ana Abiyedh Rouge, pia ya Lattafa, kwa wanaoitamani Baccarat Rouge yenyewe: zafarani, yasmini na utamu wa sukari iliyochomwa. Hapa nina angalizo. Harufu za jamaa hii huchosha pua ya mwenye kuvaa, akadhani zimeisha na kuongeza, kumbe wenzake bado wanazisikia vizuri. Muulize aliye karibu nawe kabla hujajipulizia tena.

Ya nne ni Oud for Glory, katika mfululizo wa Bade'e Al Oud wa Lattafa, inayoelekea kwenye Oud for Greatness ya Initio. Aliyezoea kufukiza udi nyumbani ataielewa mara moja; ni ya harusi na sikukuu. Kwa wanaopenda mwaridi, Delilah ya Maison Alhambra inaikaribia Delina ya Parfums de Marly, na inavumilia joto la Moshi bila shida.

Mafuta ya kupima nimeyaweka mwisho, si kwa kuyadharau. Mengi hayana alkoholi, jambo ambalo baadhi ya Waislamu hulizingatia, hukaa karibu na ngozi, na mtu anaweza kuanza na mililita chache kwa fedha kidogo. Shida ni kwamba ubora hutegemea muuzaji na pipa alilopimia, kiasi kwamba jina lilelile katika maduka mawili ya mtaa mmoja laweza kuwa vitu viwili tofauti. Ukimpata anayekupa harufu ileile kila unaporudi, usimwache.

Manukato yote ya chupa niliyoyapendekeza hapo juu ni mbadala halali, kwa kuwa kampuni imeandika jina lake yenyewe kwenye boksi. Feki ni ile inayobeba jina na chupa ya mwingine, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuikamata. Niliwahi kununua mjini Arusha chupa yenye jina kubwa la Kifaransa kwa bei iliyonishangaza, na harufu ikawa imekwisha kabla daladala haijafika Tengeru. Tangu hapo nakagua kama namba ya toleo iliyo chini ya chupa inalingana na ya kwenye boksi, na nakumbuka kwamba Lattafa na Armaf nazo siku hizi zinaghushiwa, kwa hiyo ukaguzi huo unazihusu pia.

Unapokwenda dukani, iwe karibu na Soko Kuu la Arusha au katikati ya Moshi, usijaribu zaidi ya aina mbili kwa siku, moja kila mkono, kwenye ngozi, na usisugue. Nenda kafanye shughuli zako nyingine, kisha rudi alasiri ukiwa umeamua. Usichukue chupa iliyokaa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua, kwa sababu mwanga na joto huharibu manukato. Omba ya ndani, iliyofungwa kwenye boksi lake, na nyumbani iweke kabatini, mbali na dirisha na bafu.