Kikaango cha chuma cha kusubu: miezi tisa ya mbatata na mayai, Tanga

Nafanya kazi ya zamu bandarini. Wiki ya usiku natoka saa moja asubuhi, nafika nyumbani Makorora njaa imenishika, na saa hiyo mke wangu yuko njiani kwenda kufundisha, watoto wameshaondoka. Vitumbua vya jirani yetu ni vitamu sana, lakini mtu aliyesimama usiku kucha hashibi vitumbua vitatu na chai. Kwa miaka nilikuwa napitia kibandani kununua chipsi mayai. Sasa ni mwezi wa tisa sipitii, na sababu ni kikaango kimoja kizito cheusi nilichonunua Ngamiani kwa shilingi 42,000. Kabla sijatoa pesa hiyo nilitafuta mtu wa huku pwani aliyekitumia anieleze ukweli wake, nikamkosa. Basi naeleza mimi.

Ni chuma cha kusubu, yaani kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, sahani na mpini ni kipande kimoja, hakuna skrubu ya kulegea. Upana wake sentimita 26. Muuza mbatata mmoja pale Mgandini alinipimia kwenye mizani yake, kikagonga karibu kilo mbili na nusu.

Uzito huo ndio unaolipiwa. Fraipani nyembamba ukiitia mbatata baridi inapoa hapo hapo, mbatata zinatoa maji, na badala ya kukaangika zinachemka. Chuma hiki kinachelewa kupata moto, ila kikishaupata hakiuachii. Mbatata zinagusa chini, zinalia, zinaanza kushika ukoko. Sisi tuliokua tukigombea ukoko wa wali wa nazi kwenye sufuria ya bibi tunaelewa raha ya kitu hicho.

Mbatata nachukua zile za Lushoto, zinazoshuka kwa malori kupitia Mombo. Naangalia ngozi: ikichubuka kwa kusuguliwa na kidole gumba, mbatata ni changa na ina maji mengi, ukoko wake utakuwa dhaifu. Zenye ukijani nazikataa kabisa. Ukijani ni dalili kwamba zimekaa kwenye mwanga zikaanza kujenga sumu, na moto wa jikoni hauiondoi.

Kwa watu wawili nakata mbatata nne za wastani, vipande vya ukubwa wa kete ya bao. Naviloweka dakika kumi, namwaga yale maji meupe, nasuuza tena. Weupe ule ni wanga, ukibaki juu ya vipande vinagandana na kuungua kabla ndani hakujaiva. Kisha navikausha kwa kitambaa mpaka vikauke kweli. Hatua hii watu wengi wanairuka, halafu wanalalamikia kikaango.

Wakati huo kikaango kiko mekoni peke yake, moto mdogo, dakika tano. Jiko langu ni lile la kukaa juu ya mtungi wa kilo 6, na moto wake unapiga katikati tu, kwa hiyo nakizungusha robo duara kila baada ya dakika moja ili na kingo zipate. Natia vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya alizeti, kisha mbatata, nazitandaza safu moja. Nafunika dakika sita ili mvuke uzilainishe ndani. Nafunua, na hapo ndipo mkono unapotaka kukoroga. Usikoroge! Mbatata ikiwa bado imeng'ang'ania chini, ukoko haujakamilika, na ukiilazimisha utaubakiza ukoko kwenye chuma. Ikikomaa inaachia yenyewe. Nageuza mara mbili au tatu tu, kwa jumla kama robo saa.

Kitunguu kinaingia baada ya mbatata kupata rangi, maana kikitangulia kinaungua. Kinafuata pilipili hoho, bizari nyembamba iliyotwangwa, pilipili manga na chumvi. Kama jana tulipika nyama ya kusaga ikabaki, naitia hapo, na ndipo staftahi inapokuwa ya mtu wa kazi nzito. Halafu kwa mgongo wa kijiko nachimba visima vinne, kila kimoja natia yai. Yai napasua kwanza kwenye kibakuli, kwa sababu yai moja viza linaweza kuharibu chakula chote. Nafunika. Dakika tatu ute unakuwa mweupe na kiini bado kinatikisika, nazima gesi hapo hapo. Chuma kinaendelea kupika bila moto, nawe ukisubiri yai liive kabisa mekoni, ukifika mezani litakuwa gumu kama mpira. Kotmiri juu, ndimu unakamulia kwenye sahani yako, si kwenye kikaango.

Nikilinganisha na chipsi mayai, ni vitu viwili. Kule mbatata zimeogelea kwenye mafuta, kisha mayai yaliyopigwa yanazishika pamoja kuwa duara moja. Wahispania nao wana yao ya namna hiyo, wanaiita tortilla. Hii yangu mbatata inabaki mbatata, yai linabaki yai, na kiini kinapopasuka ndiyo rojo yake. Mama mkwe wangu, mtu wa Pangani asiyesifu chakula cha mwanamume kirahisi, alikula Jumamosi moja akauliza, "Baba, na hizi za chini zilizokauka ni za nani?" Nikamwambia ni zake. Tangu siku hiyo akija namkwangulia ukoko wote upande wake.

Sasa upande mwingine. Muuzaji aliniambia kiko tayari kwa matumizi, niende nikapike. Hakikuwa tayari. Yai la kwanza liling'ang'ania chini mpaka nikalikwangua vipande vipande. Kikaango cha namna hii kinahitaji kukomazwa: unakiosha, unakikausha kwenye moto, unakipaka mafuta kwa kitambaa kisha unayafuta kama vile ulikosea kuyapaka, ubaki utando mwembamba mno. Unakifudikiza juu ya jiko la mkaa mpaka moshi uishe, unakiacha kipoe, unarudia. Mafuta yale kwa joto kali yanageuka ngozi nyeusi ngumu, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia yai kushika. Mimi nilirudia mara nne. Nimechukizwa kwamba dukani hawakusema, maana mtu asiyejua atakitupa wiki ya kwanza na pesa yake imekwenda.

Na kutu! Hapa tunakaa na bahari, hewa yenyewe ina chumvi. Mwezi wa nne, masika yamekolea, nilipikia nyanya nyingi kwa ajili ya mayai, nikachoka, nikakiacha na maji ndani mpaka usiku. Nilipokirudia kilikuwa na madoa ya rangi ya udongo mwekundu, na pale zilipokaa nyanya ile ngozi nyeusi ilikuwa imelika. Nilisugua kwa stilwaya mpaka chuma kitupu, nikaanza kukomaza upya. Kilirudi, na hilo ndilo fraipani zangu mbili za kutoshika hazikuweza: zilipochubuka tu, zikawa za kutupa. Siku hizi naosha kwa maji moto na sabuni kidogo ya maji (wanaosema sabuni ni marufuku wanazidisha), nakausha juu ya moto dakika mbili, napaka tone la mafuta. Kukiacha kwenye karai na vyombo vingine, hata kwa saa moja, sikubali.

Mpini unaunguza kama chuma chenyewe. Nina kitambaa nene kimefungwa hapo siku zote, na watoto wanajua hawakigusi. Mama mkwe mwenye maumivu ya kiwiko hawezi kukiinua kikiwa na chakula, na hata mke wangu anatumia mikono miwili. Kwa mapishi ya ukwaju au ndimu, samaki wa kupaka, mchuzi wa nyanya, usikinunue, sufuria yako inatosha.

Kwa mbatata na mayai ningekinunua tena kesho. Ukienda kuchagua, kiweke juu ya kaunta uone kama kinayumba, maana chenye tako lililopinda hakitakaa sawa kwenye jiko la mtungi. Pitisha kiganja ndani, mikwaruzo mikali itanasa yai. Kisha kishike mpini kining'inie, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Nilipogonga vitatu pale dukani, cha pili ndicho kilicholia vizuri, ndicho ninachopikia.